Nani wa kunipunguzia mwembe Tudor bila kuniulia mtu?

Mama Zuhra, Tudor
Jumapili, saa 3:10 usiku

Assalaam aleikum wanabaraza. Nimekuja na swali la mti, na mnivumilie, maana nisipoanzia mwanzo hamtanielewa.

Uani kwetu hapa Tudor, Mombasa, kuna mwembe wa boribo. Babu aliupanda mwaka aliozaliwa mamangu, kwa hivyo wote wawili wana miaka 74, na wote wawili hawapendi kuguswaguswa. Mamangu akisikia mtu ametaja kukata hujifunika leso kichwani akaingia zake chumbani. Shina nalo, mimi na Zuhra tukilikumbatia, yeye huku mimi kule, vidole havikutani.

Siutaki uondoke. Kivuli chake ndicho sebule yetu wakati wa kaskazi, joto likipamba moto. Lakini kusi la mwaka jana lilivunja tawi nene kuliko paja langu, nami si mwembamba, likatua juu ya tangi la maji la jirani. Tangi jipya tulinunua, ila hadi leo jirani akinijibu salamu hujibu nusu. Sasa kuna tawi jingine limelalia mabati ya jiko. Kuna vitawi vinasugua waya wa stima unaotoka nguzoni kuja kwetu. Na pale shina linapogawanyika panda mbili nimeona ufa. Kidole changu chaingia hadi fundo la kwanza. Nataka kazi ifanywe kabla ya masika.

Wamekuja mafundi wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana wawili, na panga moja, na pawa, ule msumeno wa injini, iliyofungwa mpini kwa utepe mweusi. Bei yao 9,000. Nusu siku wamemaliza. "Tutaunyoa kipara, mama, hutasumbuka miaka kumi." Nikauliza waya wa stima je? Mmoja akasema watausogeza kwa kijiti. Nikauliza kamba iko wapi, akaitazama kamba yangu ya kuanikia nguo. Viatu alivyovaa ni makubadhi.

Wa pili alikuja peke yake kwa pikipiki. Alisimama chini ya mti robo saa nzima hasemi neno, mpaka Zuhra akaniuliza kama yuko sawa. Kisha akatoa kinyundo cha mbao mfukoni, akawa agonga shina huku ameliinamia kama daktari asikilizaye kifua. Akaniuliza mamangu hulala chumba gani. Bei yake 48,000, siku mbili, watu wanne.

Swali langu ni hili: hizo 39,000 zaidi ninanunua nini? Mimi ni mshonaji, najua mtu aweza kukutoza mara tano kwa gauni lile lile kwa sababu tu ana kioo kikubwa dukani. Na niulize maswali gani nijue huyu ni fundi kweli?

Nitawaambia pia kwa nini siwezi tu kuchukua wa 9,000 nikafunga macho. Mwaka juzi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kijana alipanda ngazi na pawa akakata tawi la mkungu. Tawi lilipokatika lilirudi likaipiga ngazi. Aliishi, alhamdulillahi, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu. Mamake huja kila mwisho wa mwezi akaketi barazani kwa mwenye nyumba. Haombi kitu, wala hasemi kitu, anaketi tu.

---

Fundi Miti, Likoni
Jumapili, saa 4:45 usiku

Waaleikum salaam Mama Zuhra. Kazi hii nimeifanya miaka 19, nilifundishwa na marehemu ami yangu. Huyo bwana wa pikipiki simjui, usije ukadhani nampigia debe.

Kwanza, ile robo saa ya kutazama tayari ni kazi. Anatafuta tawi kavu, uyoga kwenye shina, udongo uliopasuka karibu na mizizi, na mahali pa kupitishia kamba. Kinyundo ni cha kusikiliza uwazi: mti mzima hulia kavu, mti uliooza ndani hulia kama ngoma. Na kukuuliza mamako hulala wapi ni kujua tawi likienda kombo litamwendea nani. Hao vijana walitazama nini? Kamba ya nguo.

Sasa maswali. Mwambie akuwashie pawa. Usicheke, hilo ndilo swali langu la kwanza nikimwajiri mtu. Aliyefunzwa ataiweka chini, breki ya mnyororo imefungwa, mguu kwenye mpini wa nyuma, ndipo avute. Asiyefunzwa ataining'iniza hewani kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine, pawa inayumba mbele ya mapaja yake. Ukiona hivyo mpe maji ya kunywa umsindikize. Mimi nina kovu kutoka kidevuni hadi chini ya sikio. Ncha ya juu ya msumeno iligusa kitawi ambacho sikukiona, pawa ikaruka ikanirudia usoni kabla sijapepesa jicho. Haikuwa imeharibika. Ndivyo ilivyo, ncha ya juu ikigusa mti huruka. Kwa hiyo pawa haishikwi kwa mkono mmoja na haipandishwi juu ya mabega, na mtu aliye juu ya ngazi hana njia ya kutimiza hayo mawili. Huyo kijana wa jirani yenu, Mungu amjaalie, hakukosa bahati. Ngazi ndiyo iliyomponza.

Pili, uliza kuhusu kamba. Awe na ya kujifunga yeye na nyingine ya kushushia matawi, mbali mbali. Ile ya katani ya kufungia ng'ombe huoza kwa huu unyevu wetu wa bahari, nje yaonekana nzima ndani ni unga. Na akiwa anakata ajifunge mara mbili: kamba yake, na mkanda mfupi wenye waya wa chuma ndani, kwa sababu pawa hukata kamba kama uzi wako wa cherehani. Uliza pia nani mwingine katika kundi lao anaweza kupanda. Hili wengi hawaliwazi. Mtu akizimia juu akiwa amening'inia kwenye mkanda, hakuna wakati wa kupiga simu huku na huku. Mwenzake lazima awe amevaa tayari.

Kofia ngumu, miwani, viziba masikio, viatu vya kufunika. Na suruali ya pawa: ina nyuzi nyingi ndani, mnyororo ukiigusa nyuzi zafumuka zinaukaba msumeno unasimama. Ni ghali, na hapo ndipo shilingi zako nyingi zinakwenda.

Tatu, mwambie akueleze atakavyokata tawi lile la juu ya jiko. Jibu sahihi lina mikato mitatu. Wa kwanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, kama shubiri moja na nusu, hadi theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi laanguka bila kuchuna gome. Wa mwisho ni kuondoa kisiki, na hapa ndipo utamjua fundi. Pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe, kama mkunjo wa ngozi kwenye kwapa. Mkato unapita nje ya uvimbe huo. Usiingie ndani, maana humo ndimo mti hufungia kidonda. Usiache kisiki kirefu pia, kitaoza. Akikwambia atapaka rangi au oili chafu ili kipone, hilo ni pambo tu, mti hujifunga wenyewe.

Kuhusu kipara: usikubali hata kwa bure. Mwembe ukinyolewa hutoa machipukizi mengi kwa pupa, yameshikilia kwenye gome tu, na miaka michache mbele yatakuwa matawi mazito yasiyo na mzizi shinani. Hapo kusi litakuwa na kazi. Tena gome lililozoea kivuli likipigwa na jua la Mombasa ghafla huungua na kupasuka. Mwembe wa umri huo usiondolewe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja.

Ule ufa kwenye panda ndio unaoniogopesha kuliko waya. Panda mbili zikibanana sana gome hufinywa katikati, hazishikani sawasawa. Atakachofanya mtu mwenye akili ni kupunguza uzito kwenye ncha za panda zote mbili. Atakayekwambia azungushe mnyororo au waya akaze, mkatalie, huo utaunyonga mti kadiri unavyonenepa.

Na mwisho, sisimizi wa maji moto. Mwembe wa boribo Tudor bila maji moto sijauona. Watu wamewahi kuachilia mikono juu kwa ajili ya hao sisimizi. Afike alfajiri, avae mikono mirefu, aondoe viota kwanza. Kukiwa na nyuki, aitwe mrina, na iwe usiku wa kabla.

---

Chali wa Majengo
Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Wazee mnatisha watu bure. Mimi namjua mkwezi Kisauni, mnazi wa mita 20 anapanda na kamba ya miguu tu huku anavuta sigara. Atakufanyia kwa 3,000 na dafu moja. Shangazi, pesa hizo nyingine mnunulie bibi godoro.

---

Fundi Miti, Likoni
Jumatatu, saa 1:52 asubuhi

Mdogo wangu, wakwezi nawavulia kofia. Kwa mnazi siwawezi. Lakini mnazi una shina moja na hauna tawi la kukurudia. Mkwezi huangua nazi na makuti makavu akashuka. Mwembe ni kila tawi na uzito wake na mvutano wake, na panga la mkwezi halikati kitu kinene kama paja la Mama Zuhra (samahani mama, umelitaja mwenyewe).

Na kwa kuwa umetaja minazi: ukiwa na mnazi uliokufa, usiuangushe ukauacha uani. Mdudu chonga hutaga mayai kwenye shina linalooza, kisha watoto wao wakikua wanahamia kwenye minazi mizima kutoboa kilele. Mnazi una kilele kimoja tu. Kikifa hicho, mti wote umekwisha.

---

Mstaafu wa Laini, Changamwe
Jumatatu, saa 2:35 usiku

Dada Mama Zuhra, hujambo. Mimi nilifanya kazi ya laini za umeme miaka mingi, sasa nafuga kuku. Niguse la waya tu.

Kijiti! Nimesoma hapo nikaweka simu chini kwanza. Tawi bichi lina maji, na maji ya chumvichumvi ya pwani yanayolilowesha ndiyo hupitisha umeme vizuri zaidi. Huo waya wa kuja nyumbani ni volti 240, watu huuona mdogo. Jua huchana plastiki yake, upande wa juu, ambako wewe uliye chini huoni. Volti 240 zinaua mtu, hasa aliyekumbatia mti uliolowa jasho lake. Na kama mtaani kwenu nguzo zina waya tatu juu kabisa kwenye vikombe vya kauri, hizo mara nyingi ni volti 11,000, na hizo hazingoji uguse. Huruka.

Fundi wa miti hakati chochote kilichogusa waya mpaka Kenya Power wazime laini. Piga 97771 au nenda ofisini kwao na picha, waambie matawi yamefika kwenye laini. Sitakudanganya kwamba watakuja kesho. Anza sasa, usingoje mvua. Na siku hiyo usitegemee kwamba taa za nyumbani zimezimika. Kuzima swichi yako kubwa hakuuzimi waya ulio nje, kwa sababu waya unafika kwenye swichi ukiwa tayari na moto. Watu wengi sana hawalijui hili.

Tawi likiangukia waya ukakatika, msiuguse, msimguse aliyenaswa, simameni mbali, mpige simu.

Ongezeo: kupunguza matawi ya mwembe wako ni jambo moja, kukata mti mzima ni jingine. Ukifikia hapo pitia ofisi ya mazingira ya kaunti kwanza. Na magogo yakipakiwa kwenye lori kwenda mbali, wataulizwa kibali cha Huduma ya Misitu, kwa hiyo usimwachie fundi achukue mbao "kama malipo" bila kujua zinaenda wapi.

---

Bi Salma, Ganjoni
Jumatatu, saa 3:15 usiku

Niongeze la karatasi, shoga yangu, kwa kuwa nimefanya kazi ya bima. Kenya tuna sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Mwenye kuajiri lazima awakatie bima wafanyakazi wake. Huyo bwana wa watu wanne mwombe akuonyeshe cheti cha bima, usome tarehe na jina, usikubali ameisahau nyumbani. Vijana wa kutwa hawana mwajiri mwingine ila wewe uliyewaita, na wakili mzuri atajua kulisema hilo mbele ya hakimu. Tena muulize kama ana bima ya mali ya watu wengine. Tangi la jirani la pili usilinunue kwa pesa zako.

Na mwandikiane. Karatasi moja tu: matawi gani, mangapi, nani anabeba takataka, malipo lini. Usilipe zote mwanzo.

---

Mama Zuhra, Tudor
Ijumaa, wiki nne baadaye, saa 11:40 jioni

Nimerudi. Niliwaahidi wengine huku pembeni kwamba nitaeleza.

Wale vijana niliwaita tena, nikawaambia waniwashie pawa. Fundi Miti, ilikuwa kama ulivyosema, hewani, mbele ya mapaja. Niliwapa maji, nikawapa na mahamri. Mdogo wao alinivuta pembeni akaniuliza nani alinifunza swali hilo. Nikamwonyesha maneno yako. Alisoma amesimama mlangoni, polepole, kidole kikifuata mistari. Kama unahitaji mtu wa kushika kamba, nina namba yake.

Bwana wa pikipiki naye nilimtia mtihani wote. Bima alikuwa nayo, inaisha Novemba. Mkanda wenye waya wa chuma alikuwa nao. Kwenye mikato mitatu alichukua chaki ya Zuhra akanichorea sakafuni. Bei ilishuka hadi 43,000 tulipokubaliana kwamba takataka nitabaki nazo. Suala la panda alisema lile lile la kupunguza ncha, na mnyororo akaukataa kabla sijautaja.

Watu wa stima walichukua siku kumi na saba na safari zangu tatu. Mara ya tatu nilikwenda na mamangu na fimbo yake, tukaketi. Jumanne iliyofuata walikuja, wakazima, wakakata yao yaliyogusa waya, wakaenda.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi mafundi walifika, upepo bado umelala. Jirani nilikuwa nimemwarifu tangu Jumapili, akahamisha gari lake mwenyewe. Waliweka kamba ya rangi kutoka ukutani hadi mlango wa jiko, fundi akaniambia kuanzia hapa hata paka asipite. Aliyepanda alikaa nusu saa na viota vya maji moto tu. Nilimsikia akiwatukana kwa Kigiriama, sikuyaelewa yote na pengine ni heri.

Nilichotaka kukiona ni lile tawi la juu ya mabati. Nilidhani kutakuwa na kishindo. Alilifunga kamba kwenye ncha, kamba ikapitishwa kwenye panda ya juu, ikazungushwa mara tatu chini ya shina, na mshika kamba akaegemea nyuma. Pawa ililia kidogo, ikanyamaza. Tawi likajitenga na mti, likatulia hewani, halafu likaanza kushuka, taratibu, likizunguka, majani yakigusa ukuta. Lilifika chini bila sauti. Lile tawi lilikuwa zito kuliko mimi na Zuhra na mamangu tukipimwa pamoja, na kuku aliyekuwa pale hakukimbia. (Fundi hakuwahesabu kuku katika ile kamba ya rangi.)

Mamangu siku ya kwanza alijifungia chumbani. Siku ya pili alitoka na kahawa yake akaketi mlangoni, akawa ahesabu matawi kwa sauti, na kila fundi alipogeuka kumtazama alikuwa amwambia, "Hilo liache." Mawili aliyaacha kweli, alisema hayana madhara. Mengine alimwambia kwa heshima, "Bibi, hili litakuangukia," naye akanyamaza. Saa nane mchana alimpelekea wali.

Mti haujawa kipara. Ukisimama uani unaona mbingu katikati ya majani, hapo zamani hazikuonekana, na mabati ya jiko yamepata jua kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa. Fundi amepaka chokaa lile gome lililobaki wazi, si dawa ya kidonda alisema, ni mwavuli wa jua. Akataka nimtumie picha ya ufa kila baada ya miezi mitatu, na kidole changu humo ndani kwa kipimo.

Seremala wa hapa mtaani amechukua kigogo kimoja, ati mti wa mwembe ni laini lakini utatoa mbuzi mbili za kukunia nazi. Moja ni ya jirani, tusikie kama salamu zitarefuka.

Kuni zimebaki rundo kubwa. Anayezitaka aje na mkokoteni wake, bure, ila asije saa za adhuhuri mamangu akiwa amelala.